Pumzi ya Mbizi na Pumzi ya Mlimani

Ami yangu, ambaye tangu ujana wake amekuwa akipiga mbizi kwenye miamba ya Pemba kutafuta pweza, aliniambia kabla sijaondoka Wete kwamba mtu aliyezoea kuzuia pumzi chini ya maji hawezi kusumbuliwa na mlima. Nilimwamini, kwa sababu nami nimekulia katika maji hayo hayo, na kwa sababu kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakifiki hata mita 150 hakina mahali pa kuijaribia kauli kama hiyo. Nimerudi kutoka Kilimanjaro nikiwa na hakika kwamba alikosea.

Niondoe kwanza dhana moja, ambayo hata mimi nilitoka nayo skuli. Hewa ya bandarini Wete na hewa ya kilele cha Uhuru, mita 5,895, zote zina oksijeni ya takriban asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kileleni unakaribia nusu ya ule wa pwani, kwa hivyo kila pumzi huingiza karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea, na msukumo wa kuipitisha kutoka mapafuni hadi damuni nao hudhoofika.

Sasa tumtazame mzamiaji. Kinachombana kifuani hata akalazimika kuibuka si uhaba wa oksijeni, bali ni kaboni dayoksaidi inayojikusanya katika damu yake. Mlimani mambo hugeuka. Vihisio vidogo vilivyo shingoni, kando ya mishipa mikubwa inayopeleka damu kichwani, hugundua kwamba oksijeni imepungua na kuuamrisha mwili upumue upesi na kwa kina. Lakini kwa kupumua hivyo mtu hutoa kaboni dayoksaidi nyingi kupita kiasi, damu yake hupungukiwa na asidi, na ubongo, ambao huongoza pumzi kwa kuipima asidi hiyo hiyo, huanza kuizuia pumzi ambayo mwili unaihitaji. Usiku wa kwanza pale Horombo, kituo cha kulala wapandaji kwenye mita 3,720, mwenzangu alikuwa akihema kwa nguvu, kisha akanyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, nami nikaketi kitandani nikimsikiliza kwa hofu mpaka alipovuta pumzi tena. Ni mvutano huo uliokuwa ukimfanya hivyo, na yeye mwenyewe asubuhi hakukumbuka lolote.

Wa kuutatua mvutano huo si moyo wala mapafu, bali ni figo. Usiku ule nilitoka nje mara nne kwenye baridi kwenda kukojoa, na asubuhi mpishi wetu alicheka akaniambia, "Kojoa tu, kaka, ndiyo mwili unazoea." Alisema kweli. Figo huwa zinatoa bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi ya damu, kupitia mkojo ili damu irejeshe mizani yake, na kadiri mizani inavyorudi ndivyo ubongo unavyoiachia pumzi iendelee. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ndiyo sababu ya kulala Horombo usiku wa pili badala ya kukimbilia juu. Vidonge vya asetazolamaidi wanavyopewa baadhi ya wapandaji huzisaidia figo katika kazi hii hii.

Habari ya damu kuongezeka husimuliwa sana, lakini kwa mgeni wa siku sita haina uzito mkubwa. Homoni ya kuzalisha seli nyekundu hupanda ndani ya saa chache, ila seli zenyewe huhitaji wiki kadhaa. Damu huonekana nzito mapema kwa sababu maji yake yamepungua. Isitoshe, wenyeji wa Tibet, ambao wengi wao wamerithi aina maalumu ya jeni iitwayo EPAS1, huishi juu sana bila damu yao kuwa nzito kama ya wenyeji wa milima ya Andes. Mwenye seli mundu, maradhi ambayo si mageni visiwani kwetu, asipande kabla ya kuonana na daktari, kwa kuwa uhaba wa oksijeni ndio unaozipinda seli zake. Hata aliyerithi jeni ya seli mundu kwa mzazi mmoja tu anaweza kuumia wengu.

Kwenye kituo cha Kibo, mita 4,720, kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kilisoma asilimia 79, ilhali nyumbani kilisoma 98. Nilikuwa nimekaa kimya, na hakuna kilichonibana kifuani. Kichwa kiliniuma, nikashindwa kufunga kamba za viatu, lakini ile dalili niliyofundishwa na bahari haikuja kabisa. Kiongozi wetu aliniangalia mikono, akaamua niteremke.

Nilipofika Wete nilimvisha ami kile kipimo, nikamwomba azuie pumzi. Alipoiachia, uso umemwiva na mshipa wa shingo umemsimama, kipimo kilikuwa bado kinasoma 96.