Mboga za kilimo hai: zipi nanunua, zipi naacha

Pesa ya ziada ya mboga za kilimo hai, zile zinazolimwa bila dawa za viwandani, mimi naiweka kwenye majani. Sukuma wiki, mchicha, dania: hapa tunakula jani lenyewe lililopuliziwa dawa, na sukuma huchumwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi huku mmea ukiendelea kupigwa dawa. Kila dawa ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna. Bei ikipanda sokoni, nani atangoja? Nyanya nazo nazitazama sana, hasa zile zenye unga mweupe wa dawa karibu na kikonyo. Maji yanayotiririka huondoa sehemu ya dawa iliyo juu ya ngozi. Ile iliyonywewa na mmea haioshwi.

Nanasi, parachichi, vitunguu, nazi nanunua soko la Kongowea, Mombasa, kama kila mtu. Ganda linatupwa, na ndani mabaki huwa kidogo sana. Na mwisho wa mwezi, pesa zikiwa haba, sukuma ya kawaida naichukua na kuiosha vizuri. Mtoto kukosa mboga kabisa ni hasara kubwa zaidi.

Neno “asilia” tupu kwenye pakiti halinishawishi. Natafuta alama ya Kilimohai, inayofuata viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, au namuuliza muuzaji: mama, shamba liko wapi, wadudu mnawafukuza na nini? Yule ninayenunua mchicha kwake alinijibu bila kusita: majivu na mwarobaini. Majani yake yana matundu. Namwongeza shilingi kumi kwa fungu, tena kwa moyo mweupe.