Fazori zimekuja kunikaa baada ya kuona 6 + 8 inaleta 10

Namba changamano nilizipiga tangu advansi, kuzidisha kugawanya yote fresh, ila chuoni lekchara alipoanza kuziweka kwenye saketi za AC kama fazori (mishale inayoonyesha ukubwa wa volteji au karenti na pembe yake) nikawa nakopi tu. Umeme wa ukutani na mzizi wa hasi moja wapi na wapi jamani.

Kilichonifungua ni maabara. Tulifunga rezista ya om 30 siriz na koili ya milihenri 127, trafo inatoa volti 10 hezi 50. Multimita kwenye rezista inasoma 6, kwenye koili 8. Jumla 14, wakati chanzo ni 10! (namba nazisawazisha hapa, koili ya kweli ina ukinzani wake kidogo). Mita nzima, waya wazima, ila 6 na 8 hazifiki kileleni pamoja, volteji ya koili inatangulia ile ya rezista kwa digrii 90, kwahiyo unazijumlisha kama pande za pembetatu: mzizi wa 36 + 64, unapata 10 yako.

Hapo ndo nikaelewa j (ule mzizi wa hasi moja) inafanya nini, kuzidisha kwa j ni kuzungusha mshale digrii 90, basi, hamna uchawi. Na mbona ule wt wote (spidi ya kuzunguka mara muda, ulio ndani ya sain) unatupwa? Kwa sababu kila kitu kwenye saketi kinazunguka kwa hezi 50 ile ile, ni kama watu wanaokimbia kuzunguka uwanja kwa spidi moja, nani kamtangulia nani haibadiliki kwahiyo piga picha moja inatosha. Ukiwa na frikwensi mbili kila moja inataka hesabu yake, na ile sekunde ya kuwasha swichi kabla mambo hayajatulia fazori hazikusaidii.

Kabla ya hapo nilikua natatua na sain na kosain na kudiferenshiet, ukurasa mzima kwa koili moja. Sasa hivi koili naiandika j40 (314, yani 2π mara 50, mara 0.127), impidansi (ukinzani wa saketi nzima) ni 30 + j40 yani 50 kwa pembe ya digrii 53.1, gawanya 10 kwa hiyo unapata ampia 0.2 ikichelewa digrii 53.1. Mstari mmoja! Kalkuleta weka modi ya CMPLX (ya namba changamano), inaandika i ila sisi wa umeme tunaandika j maana i ni karenti. Steinmetz, injinia wa umeme, aliwapelekea mainjinia wenzake njia hii kwenye kongamano la umeme Chicago mwaka 1893, kaokoa karatasi nyingi sana yule mzee.

Tukaongeza kapasita ya maikrofaradi 80, hiyo ni -j40, inaifuta koili yote inabaki 30 tupu. Karenti 0.33, mara 40, kwahiyo nikawaambia wenzangu kabla hawajagusa mita kwamba koili itasoma volti 13 juu ya trafo ya 10, wakacheka, mmoja akaweka proubu.

Ikasoma 13 hivi.