Toyota IST kwa mtu wa Tanga: angalia chini kabla ya rangi

Kwa bajeti ndogo, IST ya toleo la kwanza (2002 hadi 2007) bado ni chaguo zuri. Kuna ya cc 1300 na ya cc 1500. Chukua ya 1500, injini 1NZ-FE, hasa kama utapanda Lushoto na mzigo. Taimingi yake (inayofungua na kufunga valvu kwa wakati) inaendeshwa na cheni, si mkanda, na tangi linaingia lita 45. Viti vya nyuma vinalala, gunia la mchele linakaa bila shida. Spea zipo kila kona na mafundi wanaijua.

Ila hapa kwetu kuna chumvi ya bahari. Gari lililolala Raskazone, mtaa wa pwani, miaka mingi linaweza kung'aa juu huku chini limeliwa. Inama na tochi, gonga kingo za chini ya milango na sehemu shokapu za nyuma zinaposhikia. Sauti ikiwa butu, au vumbi jekundu likidondoka, liache. Kutu ya hapo haizibwi na rangi.

Oili ya injini ni lita 3.7 pamoja na filta. Gia boksi ya otomatiki inataka ATF (oili yake maalum) ya aina ya T-IV; ukiweka yoyote tu, gia zinaanza kugonga. Rejeta iwekewe kulanti (kimiminika maalum cha kupoza injini), tafadhali, si maji ya bomba: maji yanazalisha kutu ndani, thamostati (inayoruhusu kulanti kuzunguka) inakwama, injini inachemka na gasketi ya silinda hedi inaungua. Injini ikitetemeka ukiwa kwenye foleni, anza na plagi na koili (zinazotoa umeme wa kuwasha plagi), zipo nne nne.