Nani Anajibu Dawa Zinapokosekana Zahanati?

Ibara ya 8 ya Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977 inasema kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Hata hivyo mkazi wa Mbagala, Tandale au Chanika hapa Dar es Salaam anayefika zahanati ya Serikali asubuhi na mtoto mwenye homa, akapanga foleni, akapimwa, akaandikiwa dawa na hatimaye akaambiwa dirishani kwamba dawa hiyo haipo, hana namna ya kujua ni nani hasa, katika hiyo Serikali, anayepaswa kumjibu. Mimi na familia yangu tumetibiwa zaidi katika zahanati na vituo vya afya vya jiji hili kuliko katika hospitali kubwa, na kwa muda sasa ninaamini kwamba kasoro kubwa ya afya ya msingi hapa kwetu ni hii: anayekosa huduma hakutani popote na mwenye wajibu wa kumweleza kwa nini ameikosa.

Madaraka yenyewe yamegawanyika. Zahanati na vituo vya afya vya umma vinaendeshwa na halmashauri, nazo halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Wizara ya Afya inatunga sera, inaweka viwango, na tangu mwishoni mwa mwaka 2017 inasimamia pia hospitali za rufaa za mikoa, ambazo kwa Dar es Salaam ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, yaani MSD, na zikikosekana huko kituo kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji wa dawa aliyeidhinishwa wa mkoa. Fedha za wagonjwa wenye bima zinalipwa na mfuko wa bima baada ya madai kuhakikiwa. Kila kiungo cha mnyororo huu kina sababu ya kuwapo. Lakini ukimuuliza mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, atakwambia kwamba ameshaagiza na anasubiri mzigo. Ukienda manispaa utaambiwa kwamba kituo kina akaunti yake na kinajipangia. Ukifika ngazi ya juu zaidi utaonyeshwa jumla ya fedha zilizotolewa kwa ajili ya dawa nchi nzima. Majibu yote matatu yanaweza kuwa ya kweli, na mgonjwa bado akarudi nyumbani mikono mitupu.

Nimeliona hilo kwa karibu katika zahanati moja ambayo sitaitaja, kwa sababu watumishi wake wanafanya kazi kwa bidii na yaliyotokea pale yanatokea kwingi. Mzee mmoja, mwenye kadi yake ya msamaha wa matibabu ndani ya mfuko wa nailoni, alipeleka cheti chake dirishani. Dada aliyekuwa akitoa dawa alikisoma, akampa vidonge vya aina moja, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Shikamoo babu. Hii ya presha haipo, utainunua hapo nje kwenye famasi." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu, lakini mimi ni wa msamaha." Dada akasema, "Najua babu, ila haipo." Ukutani, juu kidogo ya dirisha lile, palikuwa na karatasi iliyoandikwa WAZEE KWANZA. Mzee alikuwa amepishwa kwenye foleni, amemwona tabibu kabla yetu sote, na hakulipa hata shilingi moja. Lakini kile alichokifuata hakukipata, na hapakuwa na kitabu chochote cha kuandika kwamba amekikosa.

Msamaha wa matibabu ni sera ya haki na ninaitetea. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hawapaswi kutozwa. Kasoro ni kwamba sera hiyo haikuja na utaratibu wa uhakika wa kukirudishia kituo gharama ya kila aliyesamehewa, hivyo zahanati yenye wajawazito na watoto wengi zaidi, ambayo kwa kawaida ndiyo iliyo katika kata yenye kipato duni zaidi, hubaki na makusanyo kidogo ya kununulia dawa zinazopungua. Ahadi imetolewa na Serikali, na mzigo wa kuitimiza umeachwa kwenye dirisha la dawa. Anayelaumiwa ni yule dada, ambaye hakupitisha bajeti wala hakutunga sera.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna ambayo uwajibikaji unaeleweka mara nyingi nchini. Kiongozi anafanya ziara ya ghafla, kamera zinafuata nyuma, muuguzi au mganga mfawidhi anahojiwa mbele ya wagonjwa, na jioni tunasikia kwamba amesimamishwa kazi au amehamishwa. Wapo watumishi wanaostahili adhabu, hasa wanaodai rushwa au kuwatolea wajawazito lugha chafu, na taratibu za nidhamu zipo kwa ajili yao. Lakini kumfokea mtumishi wa mwisho katika mnyororo hakuleti dawa, na hakutuelezi chochote kuhusu oda iliyopelekwa, kiasi kilichopokelewa na fedha iliyobaki. Kinachobaki baada ya msafara kuondoka ni watumishi wenye hofu, na mtu mwenye hofu huficha upungufu badala ya kuuandika.

Jambo ambalo wakazi wengi wa jiji hili hawajaelezwa ni kwamba chombo cha kuulizia kipo, tena kipo karibu. Kila zahanati na kila kituo cha afya cha umma kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe wanaotoka miongoni mwa wakazi wanaotumia huduma hiyo. Kamati hiyo ndiyo inayopitia mpango na bajeti ya kituo, inafuatilia mapato na matumizi, na wajumbe wake wanapaswa kushuhudia dawa zikipokelewa, boksi kwa boksi, kabla hazijaingizwa kwenye leja. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 uzito wake umeongezeka sana, kwa kuwa fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, ambazo awali zilipitia halmashauri na kutumika kwa maamuzi ya huko, zilianza kuingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kila kituo. Kwa maneno mengine, zahanati ya mtaani kwako ina akaunti, ina hesabu, na ina majirani zako waliopewa mamlaka ya kuzikagua.

Waulize sasa watu kumi waliokaa kwenye benchi la kusubiria kwamba wajumbe hao ni akina nani. Mimi nimekuwa nikiuliza kila ninapopata nafasi, na ninachopata ni nyuso za mshangao. Kwenye mbao za matangazo nimeona ratiba ya chanjo, bei za vipimo, tangazo la kuchangia damu na mkataba wa huduma kwa mteja uliopauka kwa jua, lakini sijaona majina ya kamati, wala kiasi cha fedha kilichoingia katika robo ya mwaka iliyopita, wala orodha ya dawa zilizoagizwa zikaja na zilizoagizwa zisije. Mjumbe asiyejulikana na anaowawakilisha hana wa kumwogopa na hana wa kumtia moyo. Ataitwa kusaini, atasaini, na kamati itaonekana hai kwenye makabrasha.

Kwamba kupimwa hadharani kunaleta mabadiliko tumeshaliona. Serikali ilipofanya tathmini ya nyota, inayokipa kituo nyota kulingana na ubora wa huduma zake, kwa vituo vya afya ya msingi mwaka 2015/16, takriban asilimia 34 havikupata hata nyota moja. Tathmini iliporudiwa mwaka 2017/18, vilivyobaki bila nyota vilikuwa asilimia 4, na vyenye nyota tatu au zaidi vilipanda kutoka asilimia 2 hadi asilimia 20. Lengo la vituo vyenye nyota tatu au zaidi lilikuwa asilimia 80, hivyo hatukufika, lakini hayo yalikuwa mabadiliko makubwa ndani ya muda mfupi, na yalikuja kwa sababu kila kituo kiliambiwa upungufu wake na kikapangiwa namna ya kuurekebisha. Ningependa matokeo ya namna hiyo yaandikwe getini, kwa herufi kubwa, pale anapopita mgonjwa.

Kabla wakati huo haujafika, wananchi wanajibu kwa miguu. Mtu mwenye homa ya kawaida anaipita zahanati ya mtaa wake, anapanda daladala hadi Amana au Mwananyamala, anaongeza msongamano mahali palipokusudiwa wagonjwa wa rufaa, na kule alikotoka hakuna anayejua kwamba amekata tamaa. Katika mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, malalamiko ya kimya ya namna hii ni mengi mno. Kwenye taarifa yatasomeka kama upungufu wa wagonjwa, na mpanga bajeti anaweza kuutumia upungufu huo kukipunguzia kituo mgao wake.

Ngazi za juu zina vyombo vyake. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua halmashauri kila mwaka, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa huwaita wakurugenzi kujieleza. Ninaiheshimu kazi hiyo, ila hufika miezi mingi baada ya fedha kutumika, na husomwa Dodoma. Anayehitaji dawa ya presha Jumatatu hii anahitaji jibu kutoka mahali anapoweza kufika kwa bajaji.

Kwa hiyo naanza na kilicho mkononi mwangu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na inaitaka taasisi hiyo itoe jibu ndani ya siku zisizozidi 30. Nimeandaa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yetu, nakala kwa diwani na kwa mganga mfawidhi, nikiomba mambo matatu: majina ya wajumbe wa kamati ya zahanati yetu na tarehe ya kikao chao cha mwisho, fedha zilizoingia kwenye akaunti ya kituo katika mwaka huu wa fedha pamoja na matumizi yake, na orodha ya dawa zilizoagizwa zisifike. Nimeomba pia majibu hayo yabandikwe kwenye ubao wa zahanati na yasomwe katika mkutano wa mtaa. Barua naipeleka masijala wiki hii, nikidai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na yeyote wa kata nyingine anayetaka kuandika ya kwake anaruhusiwa kunakili maombi hayo matatu kama yalivyo.