Nati za Kwenye Kopo: Tulivyofungasha Kwenda Bagamoyo na Sketibodi

Mama alirudi sokoni akaukuta ukumbi umejaa magurudumu. Tulikuwa tumetandika mkeka katikati, juu yake sketibodi tano, zile mbao za magurudumu za kutelezea, zimefunguliwa, kikopo cha mafuta ya taa, mswaki mkuukuu, na beringi arobaini zimepangwa kama kete za bao. Akasimama mlangoni na kikapu chake.

"Yote haya mwaenda nayo Bagamoyo?"

"Ndiyo mama."

"Kuteleza tu?"

Mwalimu, mkubwa wetu, ambaye kweli anafundisha hesabu sekondari, akawahi: "Shikamoo mama." Alidhani salamu itafunga mjadala.

"Marahaba. Mkimaliza mpige deki. Mafuta hayo yananuka mpaka jikoni."

Tulipiga deki. Lakini shughuli ile ya beringi nisingeiacha hata kwa fimbo, kwa sababu ya yaliyotukuta Pangani mwaka juzi. Safari ile nilifungasha kama naenda harusini: suruali nne, spika, mashuka mawili ya kulalia, pasi. Ndiyo, pasi. Siku ya kwanza tu, jioni, tairi la mwenzetu Dogo lilichomoka likaenda zake, na nati iliyokuwa ikilishika ikazama mchangani. Tukatafuta mpaka giza. Asubuhi tukaenda duka la vipuri vya baiskeli, tukapewa nati ya milimita 8. Kwa macho ni ileile. Tukailazimisha kwa spana, ikaingia nusu, ikala thredi, ile mistari ya skrubu, za ekseli, yaani chuma kinachobeba matairi. Siku mbili zilizobaki Dogo alikaa ukutani akitushikia simu.

Ndipo nikajifunza kitu ambacho wauzaji hawakuambii. Sketibodi ni chombo cha inchi. Ekseli yake ina unene wa inchi 5/16, na thredi zake ni nyembamba, 24 kwa kila inchi. Nati ya milimita 8 inakaribia unene huo lakini thredi zake ni pana zaidi, kwa hiyo zinapigana. Spana nazo ni hivyohivyo. Nati ya tairi inataka spana ya nusu inchi. Namba 13 ya fundi baiskeli, yaani ya milimita, inaishika, ina ulegevu kidogo tu. Boliti ndogo za kubana ubao zinataka 3/8. Namba 10 inacheza, ukikaza sana inakata kona. Ile nati kubwa ya katikati, inayolegeza au kukaza kugeuka kwa ekseli, inataka 9/16, na hapo namba 14 haiingii kabisa.

Kwa hiyo safari hii nilifungasha kwa swali moja: kitu hiki kikipotea njiani, nitakipata duka gani? Sabuni ipo kila mahali. Fulana ipo. Pasi, Mungu anisamehe. Beringi, utashangaa, zipo pia: ni namba 608, tundu la ndani milimita 8, kipenyo cha nje 22, unazipata kwa wauza vipuri vya mashine. Hizo za bei rahisi zinapiga kelele kama mashine ya kukoboa, ila zitakufikisha. Nati za ekseli ndizo hazipo. Nilizunguka maduka ya vifaa ya Ngamiani, hapa Tanga, barabara kwa barabara, na kule barabara zina namba, kwa hiyo najua vizuri nilizunguka ngapi. Nane. Kila duka, "Milimita tu, mdogo wangu."

Aliyenitoa ni mzee mmoja anayetengeneza Land Rover za zamani. Nilikuwa nimekwenda kwa jambo jingine, kuazima tandiko la kamba la kufungia mizigo juu ya gari. Akaniuliza kile chuma mkononi ni cha nini, nikampa ekseli ya Dogo iliyoharibika. Akaigeuza juani, akapitisha ukucha kwenye thredi.

"Hii mmeilazimisha."

"Ndiyo, mzee."

"Na nati ya Mjapani."

Sikujibu. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa nati zenye kutu na mafuta. Akachambua kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele, akatoa moja yenye pete ya plastiki ndani, ile isiyofunguka kwa mtetemo. Kwanza aliipitisha ekseli kwenye chombo chake cha kuchongea thredi, polepole, akitia tone la mafuta kila mzunguko. Halafu nati ikaingia kwa vidole mpaka pale pete ilipoanza kushika. "Land Rover ni za Muingereza," akasema. "Zamani vitu vyao vyote inchi." Alinipa nne. Nikatoa pesa, akanitazama kama nimemtukana. "Mkirudi mtanirudishia zitakazobaki."

Mengine yalikwenda haraka. Tulichukua matairi ya namna mbili: magumu ya kuchezea sakafu laini, na seti moja moja ya malaini, kwa sababu Mji Mkongwe wa Bagamoyo umejaa kokoto na mchanga, na tairi gumu likikutana na kijiwe linasimama hapohapo, wewe ukiendelea. Viatu tulinunua vya mtumba, soli bapa, ngozi laini ya swedi kwa juu, kisha fundi viatu akashonea kipande cha tyubu pale kidole kidogo kinaposuguana na msasa wa ubao. Tyubu hapa Tanga si tatizo, mji mzima unaendesha baiskeli. Tyubu hizohizo tulizikata mikanda tukafungia mbao pamoja, tukazitia kwenye viroba. Dawa: spiriti, pamba, bandeji, plasta pana. Mishumaa miwili ya kusugulia kingo za saruji ili ubao uteleze. Niliifunga kwenye gazeti na kuiweka chini ya kiti, maana juani inayeyuka juu ya kila kitu. Kofia ngumu zilikuwa tatu kwa watu watano, na hilo sijivunii. Tulikubaliana anayejaribu jambo jipya ndiye anayevaa.

Beringi baada ya kuoshwa na kukauka tulizitia tone mojamoja la mafuta ya cherehani. Kidoti, binti pekee kwenye kundi na mwenye mkono mwepesi kuliko sote, aliutengenezea kila ubao mfuko wake wa nailoni, kwa ajili ya chumvi. Hewa ya pwani inaingia kwenye beringi usiku, asubuhi unasikia kwaruu kwaruu. Tulichagua Agosti kwa kukwepa mvua za masika, ingawa kusi linavuma na ukilielekea unasukuma mguu mpaka paja liwake.

Mwalimu alishika mfuko, shilingi 60,000 kila mtu, akaandika daftarini hadi pesa ya choo. Njia ya Pangani na Saadani ni fupi ukiitazama kwenye ramani, lakini Noah tuliyoazima iko chini na mwenyewe alituapiza tusiipeleke kwenye vumbi. Tukapita Muheza na Segera, tukakata kushoto kama wa Dar, kisha Msata kushoto tena, kilomita 64 za lami mpaka Bagamoyo. Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Mama alitupa sinia zima la maandazi na birika la chai, akasema, "Msiteleze makaburini kwa watu." Alikuwa na maana ya Kaole, magofu ya kale yenye makaburi karibu na Bagamoyo. Hatukuwa na nia hiyo. Magofu yale tuliyatembelea kwa miguu, mbao tumeziacha garini, na kwingine kote kwenye sakafu nzuri tulianza na shikamoo kwa mlinzi. Wengine walikataa, tukaondoka. Mmoja alikubali kwa sharti Dogo amfundishe mwanawe.

Tuliteleza asubuhi hadi saa nne, tukalala kivulini, tukarudi saa kumi. Siku ya pili nati moja ya Kidoti ililegea ikadondoka, hatukuiona tena. Nikatoa mfuko, spana ya nusu inchi, dakika mbili. Hakuna aliyesema neno, ila Dogo alinitazama akacheka peke yake.

Kurudi tulisimama Muheza, tukanunua gunia dogo la machungwa. Jioni ile nilimpelekea mzee nusu yake. Alikuwa chini ya gari, miguu tu nje.

"Nati zangu?"

"Zimerudi mbili, mzee. Mbili ziko kazini."

Mkono wenye grisi ukatoka chini ya gari, ukazipokea, ukasukuma kopo kuelekea kwangu. Nikazitia mwenyewe.