Nilivyoziskani picha nyeusi na nyeupe bila kupoteza vivuli vyake

Mara ya kwanza nilipoziskani picha nyeusi na nyeupe alizotuachia baba, niliiachia skana iamue kila kitu, nikapata picha zilizokolea ambazo kwenye kompyuta zilipendeza kuliko zile za karatasi. Nilipoikuza moja ndipo nilipoona kwamba koti la babu, ambalo kwenye karatasi mikunjo na vifungo vyake vinaonekana wazi, limekuwa doa jeusi tupu. Skana ilikuwa imekoleza weusi kupita kiasi, na kivuli kilichokwisha kuzama namna hiyo hakuna programu inayoweza kukiopoa.

Nilianza upya. Nilizima marekebisho yote ambayo skana huyafanya yenyewe, nikachagua biti 16 badala ya 8 (biti ni kipimo cha taarifa zinazohifadhiwa kwa kila nukta ya picha), kwa kuwa biti 8 hutoa ngazi 256 tu za kijivu, ambazo huanza kuachana na kuonyesha michirizi mtu anapoangaza sehemu zenye giza. Kisha nilisogeza alama za weusi na weupe hadi nje kidogo ya ncha mbili za histogramu, yaani grafu inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha. Picha inayotoka hapo huwa imepauka, nami nakiri kwamba mwanzoni ilinikatisha tamaa. Lakini kila kitu kimo ndani yake, na kukoleza hufanyika baadaye kwenye nakala, faili halisi iliyotoka kwenye skana, ya aina ya TIFF, ikibaki bila kuguswa. Nukta 600 kwa inchi zilitosha: nilipojaribu 1200, faili iliongezeka mara nne, na nyuso hazikuonyesha chochote kipya.

Zile zenye madoa ya manjano niliziskani kwa rangi, ingawa hazina rangi, kwa sababu doa la manjano hukolea katika chaneli ya buluu (moja ya tabaka tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinazounda picha ya rangi) na karibu kutoweka katika chaneli nyekundu, ambayo ndiyo niliyoibakiza.

Zilizonisumbua zaidi ni zilizosafishwa kwenye karatasi yenye vinundu, kwani taa ya skana hupiga kila kinundu kwa upande mmoja na uso wa mtu ukajaa vimulimuli. Hizo niliziskani mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeizungusha picha nusu duara, kichwa kikielekea chini, kisha nikaizungusha nakala ya pili irudi wima na kuzilaza nakala hizo moja juu ya nyingine, ya juu ikiwa na uwazi wa asilimia 50, na vimulimuli vikafifia. Nyuma ya kila picha niliweka karatasi nyeusi ili wino wa maandishi ya baba yaliyo mgongoni mwake usipenye mbele. Upande huo wa nyuma nao niliuskani, kwa rangi, pamoja na makosa yake ya tarehe.