Boksi la waya, vizibo na vitambaa: nilivyowapa wanangu michezo ya kujiundia

Aliyewahi kuunda gari la waya linalokata kona kwelikweli anajua kwamba kazi haiko kwenye bodi. Bodi ni kukunja na kufunga. Tairi nazo hupatikana kwa urahisi: ndala zilizokatika, vizibo vya chupa, vifuniko vya makopo. Kazi iko kwenye usukani, na hapo ndipo nilipomalizia sehemu kubwa ya utoto wangu.

Gari la kukokotwa kwa kamba hufuata tu linakovutwa. Gari la kusukuma ni jambo jingine kabisa. Unasimama wima nyuma yake, umeshika duara la waya usawa wa kifua, unakimbia, na ukizungusha duara lile tairi za mbele zinageuka kule chini. Nilijifunza siri yake kwa kumtazama kaka yangu mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa maelezo. Ekseli ya mbele haifungwi kwenye bodi pande zote mbili. Inashikwa katikati tu, kwa pini moja ya waya, ili iweze kugeuka kushoto na kulia. Kwenye ekseli hiyo unaacha kimkono kifupi kinachoelekea nyuma, chenye kitundu mwishoni. Waya mrefu wa usukani unapita juu ya bodi, unashikwa na kijicho cha waya kilichokazwa ili uzunguke bila kuyumba, na ncha yake ya chini inakunjwa kuwa kiwiko kinachoingia kwenye kile kitundu. Ukizungusha duara, kiwiko kinakwenda upande, kinavuta kimkono, na ekseli inageuka. Nilipoliona hilo likifanya kazi mikononi mwangu kwa mara ya kwanza nilikimbia na gari lile mpaka giza likaingia.

Kulikuwa na maarifa mengine ambayo hakuna aliyeyaita maarifa. Waya uliokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pamoja hukatika, kwa hiyo kona unaipima kabla ya kukunja. Waya mgumu wa kufungia unautia motoni mpaka uwe mwekundu, kisha unauacha upoe polepole ndani ya majivu. Ukitoka hapo ni laini, unafungika kwa vidole. Waya uliopinda unanyooshwa kwa kuuzungushia nguzo na kuuvuta huku na huku. Tundu la tairi linakuwa kubwa kidogo kuliko waya, na ncha ya ekseli inakunjwa ili tairi isichomoke. Miaka mingi baadaye, nikisoma kwamba mafundi wa chuma huuita utaratibu huo wa moto na majivu kulainisha, na kwamba chuma hukakamaa kinapopindwa mara kwa mara, nilifurahi sana. Tulikuwa tumeyashika mambo hayo kwa mikono kabla hatujajua majina yake.

Mpira nao ulikuwa na ufundi wake. Mpira wa matambara ukiviringishwa kizembe unakuwa kifurushi, unapigwa unafumuka. Unaanza na kiini kilichobanwa sana, karatasi au sponji, unakizungushia mifuko laini moja juu ya nyingine huku ukiugeuza mpira kila mzunguko ili uwe wa duara, halafu unamalizia kwa wavu wa kamba wenye fundo kila kamba zinapokutana. Huo unafaa kupigwa, ila haudundi. Tukitaka udunde tulikata tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa vipande vyembamba virefu na kuvizungushia kiini tukivivuta kwa nguvu. Raba iliyovutwa hutaka kurudi ilivyokuwa, na ndiyo maana mpira huo ukigonga ardhi unaruka.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo kichwani wanangu walipofika umri wa kuniambia, kila Jumamosi, "Baba, hatuna cha kufanya." Vitu vya kuchezea walikuwa navyo. Gari la betri lilikuwa likienda mbele, likiwaka taa, likilia, na baada ya hapo halina jingine. Mwanangu wa kiume alilitazama likizunguka chumba kisha akaniuliza kama anaweza kulifungua. Swali lile ndilo lililonipa njia.

Nilichofanya ni kutafuta boksi kubwa na kuanza kulijaza: waya wa unene mbalimbali, vizibo, makopo, vifungo vya nguo, uzi, kamba, vipande vya ndala, vitambaa, tyubu, vijiti, karatasi ngumu, chupa za plastiki. Nikaliweka kwenye kona ya sebule. Sikuwaambia ni la nini. Niliamua mapema kwamba sitaunda chochote mbele yao, kwa sababu mtoto akiona gari limeshakamilika mikononi mwa baba yake, atataka lile, hatataka kutengeneza lake.

Siku za kwanza hakuna aliyeligusa. Kisha binti yangu akachukua vizibo na kuvipanga kwenye ngazi kwa rangi, na siku iliyofuata vizibo vikawa abiria wa chupa iliyokatwa ubavu. Boksi lenyewe tulilibadilisha mara kwa mara kwa sababu kila boksi jipya liligeuka nyumba, boti, au jukwaa la wanasesere wa vitambaa. Halinishangazi hilo. Huko Rochester, Marekani, jumba la makumbusho la The Strong lina ukumbi wa heshima wa vitu vya kuchezea, na mwaka 2005 liliingiza humo boksi la karatasi ngumu. Mwaka 2008 likaingiza fimbo. Fimbo ya kawaida kabisa, iliyookotwa chini. Nadhani hakuna uamuzi wa kamati yoyote ninaouafiki kuliko huo.

Kijana wangu alipofika kwenye waya, alikuja na swali lake. "Baba, zamani gari lako la waya lilikuwa linakata kona vipi?" Nikamwambia ekseli inashikwa katikati tu. Basi. Alirudi baada ya muda mrefu.

"Baba, tairi zinakwama."

"Zinakwama likiwa chini, au hata ukiliinua?"

"Hata nikiliinua."

"Basi tazama tundu."

Kama zingekwama chini tu, ningemtuma kwenye ekseli, maana uzito wa bodi ungekuwa umeipinda. Ndivyo nilivyojipangia: nakata kile ambacho mkono wa mtoto hauwezi kukata, nauliza swali moja, na koleo inabaki mikononi mwake. Ilinigharimu uvumilivu. Mtu mzima anayejua kuunda gari la waya akikaa pembeni ya mtoto anayehangaika na kijicho kilicholegea, vidole vyake vinamwasha. Lakini kitu alichokikaza mwenyewe mtoto ndicho anachojua kukirekebisha kikilegea, na kitalegea.

Katika kutafuta kwa nini boksi lile lilifanya kazi pale ambapo gari la betri lilishindwa, nilikutana na watu waliokuwa wameliwaza jambo hili muda mrefu. Mwaka 1971 msanii Mwingereza Simon Nicholson alieleza kwamba ubunifu wa mtu mahali fulani hutegemea wingi na aina ya vitu anavyoweza kuvigeuzageuza: kuvihamisha, kuviunganisha, kuvitenganisha. Kitu kilichokamilika kimeshamaliza ubunifu wote. Aliyeufaidi ni aliyekibuni. Kabla yake, mwaka 1943, katika eneo la Emdrup mjini Copenhagen, Denmark, nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Ujerumani, mbunifu wa bustani Carl Theodor Sørensen alikuwa nyuma ya uwanja wa michezo uliojaa mbao, matofali na mabaki. Aliona kwamba watoto waliviacha viwanja nadhifu vilivyojengwa kwa ajili yao na kwenda kucheza kwenye maeneo ya ujenzi na mabaki. Wazo hilo lilivuka mpaka Uingereza baada ya vita, ambako viwanja vya namna hiyo vilifunguliwa penye vifusi vya mabomu. Niliposoma habari za Emdrup nilitamani sana kaka yangu angeziona.

Aliyenivutia zaidi ni Arvind Gupta, mhandisi wa India aliyetumia maisha yake kuwafundisha watoto kuunda vitu vya kuchezea kutokana na takataka, ili kupitia vitu hivyo waone sayansi ikifanya kazi. Hapo nilipata mawazo ya kuongeza kwenye boksi. Simu ya makopo ilitoka humo, na wanangu waligundua wenyewe kwamba uzi ukilegea sauti inapotea, na uzi ukigusa ukuta sauti inafia pale. Sauti inatembea kama mtikisiko ndani ya uzi. Kinachoushika uzi kinaula mtikisiko. Binti yangu hakuhitaji niseme hivyo. Alisema, "Usiuguse, unamziba mdomo."

Kisha kuna kifungo. Unapitisha uzi kwenye matundu mawili ya kifungo kikubwa, unafunga ncha, unashika pande zote mbili, unauzungusha uzi mpaka usokotane, halafu unavuta na kulegeza, unavuta na kulegeza, na kifungo kinavuma. Ni mchezo wa kale sana, na watoto wa mabara mengi wameujua. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Manu Prakash, walitumia mwendo huohuo wa uzi kutengeneza mashine ya karatasi ya kutenganisha damu kwa ajili ya vipimo, isiyohitaji umeme. Walifikia mizunguko 125,000 kwa dakika, kwa kifaa kinachogharimu senti 20 za Marekani. Nilimweleza kijana wangu hilo huku kifungo chake kikivuma. Alisimamisha mikono, akakitazama, akaanza tena kwa nguvu zaidi.

Na gari la waya? Lilikamilika, likakata kona, lakini kwa kona pana mno. Dada yake ndiye aliyelichunguza. Alifungua kiwiko cha usukani, akakikunja upya kikawa kirefu zaidi, na gari likaanza kugeuka kwa ukali. Kiwiko kirefu kinasogea mbali zaidi kwa mzunguko uleule wa mkono, hivyo ekseli inavutwa zaidi. Mimi na wenzangu utotoni tuliiga kiwiko cha aliyetutangulia kama tulivyokikuta.

Kwa mzazi anayetaka kuanza, mambo machache nayasisitiza kwa sababu yanahusu usalama. Kopo lililofunguliwa lina ukingo unaokata mkono. Ukingo ule ulazwe kwa ndani na kugongwa kwa nyundo mpaka uwe butu kabla kopo halijaingia kwenye boksi. Ncha za waya zote zikunjwe kuwa kijiduara. Kazi ya moto na waya ni ya mtu mzima, nje ya nyumba, na waya wenye ganda la plastiki usichomwe kamwe, moshi wake una sumu. Betri ndogo za duara zisiwemo kabisa. Mtoto akimeza moja inaweza kumchoma koo kwa muda mfupi tu, na hapo ni kukimbilia hospitali bila kungoja dalili. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, chukua kibomba cha karatasi ngumu kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba, kwa hiyo vizibo, vifungo na vipande vidogo viwekwe juu, kwenye kopo lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki nayo ibaki kwa wakubwa. Wakiunda tiara, irushwe penye uwazi, mbali na nyaya za umeme, na ikinasa kwenye nyaya iachwe hapohapo.

Boksi lisijazwe kupita kiasi. Likifurika, watoto hawaoni kilichomo. Mimi huondoa vitu na kurudisha vingine, na nimegundua kwamba kitu kilichokaa bila kuguswa kwa muda mrefu, kikipotea na kurudi, huchukuliwa siku ileile. Waya ndio unaokwisha haraka kuliko vyote, ukifuatiwa na kamba. Gundi tunaitumia kidogo sana, kwa sababu kilichogundishwa hakifunguki tena, na wanangu wanafungua magari yao karibu kila wiki ili wapate waya wa kuundia mengine. Wiki hii yote yamefunguliwa. Wanajenga winchi ya kupandisha vizibo mpaka dirishani, na wameniomba kapi.